Mwanangu njiti alikosa safaktanti. Je, huyu wa pili naye?

*"Shikamoo daktari. Naishi Chanika. Mwanangu wa kwanza alizaliwa kwa wiki 31, kilo 1.5, baada ya chupa kupasuka ghafla usiku. Nilijifungulia kituo cha afya cha karibu, kisha tukahamishwa kwa ambulensi. Hospitali walisema mapafu hayajakomaa, safaktanti haitoshi, wakamweka kwenye mashine ya mapovu na oksijeni. Siku ya pili alizidiwa hadi nikakata tamaa, ila siku ya nne akaanza kupumua vizuri. Tuliambiwa ipo dawa ya kuwekwa mapafuni lakini siku hiyo haikuwepo, na nikasikia inatokana na nguruwe. Sisi ni Waislamu. Sasa ana mwaka na nusu, mzima, lakini akipata mafua kifua kinabana na kupiga mluzi. Baba yake anavuta sigara, ingawa huvutia barazani. Mama mkwe anasema nilisababisha mwenyewe kwa kubeba ndoo za maji na kulala na feni, na kwamba nishukuru alikuwa wa miezi saba maana wa miezi minane huwa haponi. Sasa nina mimba ya wiki 22. Je, kuna chakula cha kukomaza mapafu ya mtoto? Wifi yangu anashauri nichomwe mapema ile sindano ya kukomaza mapafu, inapatikana duka la dawa. Na je, mwanangu wa kwanza bado anapungukiwa na safaktanti?"*

Marahaba, mama. Hongera kwa huyo aliyefikisha mwaka na nusu, na hongera kwa ujauzito.

Umeuliza mengi, lakini nyuma ya yote naona swali moja ambalo hukuliandika: kama ni wewe uliyemnyima mwanao pumzi. Nalijibu hilo kwanza. Hapana. Ndoo ya maji na feni havigusi mapafu ya mtoto aliye tumboni. Chupa hupasuka kabla ya wakati kwa sababu kadhaa: maambukizi ya njia ya mkojo au ya uzazi, mlango wa kizazi kuwa mfupi, mimba ya mapacha, na mara nyingi tu hatuipati sababu hata tukitafuta. Tena mapafu ya mwanao hayakuwa yameharibika. Yalikuwa sawasawa na umri wake wa wiki 31. Shida ni kwamba yalitakiwa kuanza kazi wiki kadhaa kabla ya kumaliza maandalizi.

Sasa safaktanti ni nini. Mapafu yetu yamejaa vifuko vidogo mno vya hewa. Mtu mzima ana takriban milioni 480, kila kimoja kikiwa na upana wa kama milimita 0.2. Ukuta wa kila kifuko umelowa maji kwa ndani, na ni lazima ulowe, kwa sababu oksijeni huyeyuka kwanza kwenye maji hayo ndipo ipite kuingia kwenye damu. Lakini maji yana tabia ya kuvutana yenyewe kwa yenyewe. Pale yanapokutana na hewa, uso wake hujikaza na kutaka kuwa mdogo kadiri inavyowezekana. Ndani ya kifuko kidogo kiasi hicho, kujikaza huko kunavuta kuta zote kuelekea katikati. Chukua kimfuko kile chembamba cha kufungia karanga, kiloweshe ndani, kisha kikamue hewa yote: kuta zinagandana, na kukipuliza kifunguke tena kunahitaji nguvu nyingi. Na kadiri kifuko kinavyokuwa kidogo ndivyo kazi inavyokuwa ngumu zaidi. Upana ukipungua nusu, shinikizo la kukiweka wazi linatakiwa kuwa mara mbili.

Safaktanti ndiyo inayotuokoa. Ni mchanganyiko wa mafuta, takriban asilimia 90, na protini kwa sehemu iliyobaki, unaotengenezwa na seli maalumu zilizo kwenye kuta za vifuko hivyo. Kila chembe ya mafuta hayo ina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia, kwa hiyo chembe hizo hujipanga juu ya uso wa maji na kuyazuia yasivutane kwa nguvu. Mtu anapotoa pumzi vifuko vinasinyaa, na chembe zinabanana. Zikibanana, ule mkazo wa maji unashuka karibu na sifuri. Yaani msaada unakuwa mkubwa zaidi wakati uleule kifuko kinapokuwa kidogo zaidi na kilipo karibu kujifunga. Nimefanya kazi hii muda mrefu, na bado jambo hilo hunifanya nimshukuru Mungu. Baadhi ya protini zilizomo husaidia mafuta kutandaa haraka, na nyingine mbili hunasa vijidudu ili kinga ya mwili iviondoe. Kwa hiyo safaktanti ni sehemu ya ulinzi wa mapafu pia, kwako na kwangu, si kwa watoto wachanga pekee.

Seli hizo huanza kuitengeneza kati ya wiki ya 22 na ya 24 ya ujauzito, kidogokidogo, na kwa watoto wengi haifiki kiwango cha kutosha mpaka karibu wiki ya 35. Mtoto wa wiki 31 anayo, ila ni haba. Akivuta pumzi ya kwanza vifuko vinafunguka. Akiitoa, vingi vinajifunga. Pumzi inayofuata inabidi aanze upya kuvifungua, kwa nguvu ileile, mara 60 au zaidi kwa dakika. Ndiyo maana uliona mbavu zikiingia ndani na pua ikitanuka. Pengine ulisikia pia akiguna kila anapotoa pumzi. Ule mguno si kilio. Mtoto anabana koo makusudi ili hewa isitoke yote, vifuko visijifunge.

Hapo ndipo penye maelezo ya ile siku ya pili iliyokutisha. Safaktanti kidogo aliyozaliwa nayo inatumika na kuisha, misuli ya kifua inachoka, na majimaji yenye protini yanavuja kuingia kwenye vifuko na kuiharibu hata ile iliyobaki. Wakati huohuo, kuzaliwa kwenyewe kumeziamsha seli zitengeneze kwa kasi. Kati ya siku ya pili na ya nne uzalishaji unaanza kuzidi matumizi. Mtoto huzidiwa kwanza, kisha akageuka akapata nafuu. Kazi yetu wodini ni kumvusha kwenye daraja hilo la siku tatu, akiwa na joto, sukari ya kutosha na vifuko vilivyo wazi.

Na ile mashine ya mapovu, wengi wodini wanaiita sipapu, inafanya hasa kile alichokuwa anajaribu kukifanya kwa kuguna. Hewa inaingia puani kwa shinikizo dogo lisilokatika, na mrija wa kutolea pumzi umezamishwa kwenye chupa ya maji. Kina cha mrija, kwa mfano sentimita 5 au 6, ndicho kinachoamua shinikizo. Mapovu yakitoka, muuguzi anajua shinikizo lipo. Kifaa ni rahisi kukitazama, lakini kimeokoa watoto wengi mno tangu mbinu hiyo ilipoelezwa na madaktari wa Marekani mwaka 1971.

Hapa niseme neno kuhusu oksijeni, kwa kuwa umeitaja. Nasikia mara kwa mara ndugu wakinong'ona kwamba mtoto akiwekwa oksijeni basi ndiyo safari. Wapo wanaomtoa mtoto wodini kwa hofu hiyo. Wanaofariki wakiwa kwenye oksijeni walifikishwa huko na ugonjwa. Oksijeni haikuwaua. Ukweli uliopo ni huu: kwa mtoto njiti oksijeni ikizidi kipimo kwa muda mrefu inaweza kuharibu mishipa ya damu ndani ya jicho. Ndiyo sababu tunampima kiwango cha oksijeni kwenye damu kwa kile kifaa cha mguuni au mkononi, na ndiyo sababu watoto waliozaliwa wadogo sana hupimwa macho kuanzia takriban wiki ya nne. Kama wako hakuwahi kupimwa macho, mpeleke. Hata kwa mwaka na nusu kliniki ya macho ya watoto inaweza kumchunguza anavyoona.

Elimu hii yote ina umri wa mtu mzima mmoja tu. Mwaka 1929 Kurt von Neergaard alijaza mapafu ya mnyama kwa maji badala ya hewa, akaona yanafunguka kwa urahisi zaidi, akafahamu kwamba ule mkazo wa uso wa maji ndio unaofanya mapafu kuwa magumu. Hakusikilizwa sana. Ilifika 1959 ndipo Mary Ellen Avery na Jere Mead, kule Boston, walipoonyesha kwamba mapafu ya watoto waliokufa kwa shida hii ya kupumua yalikosa kile kitu cha kupunguza mkazo. Miaka minne baadaye, Agosti 1963, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa zaidi ya wiki tano kabla ya wakati akiwa na kilo 2 na kidogo. Alifariki siku ya pili kwa ugonjwa huuhuu. Baba yake alikuwa na kila daktari aliyemtaka, lakini tiba haikuwepo duniani. Nakupa habari hiyo uijue vizuri: lililompata mwanao halikutokana na umaskini wako wala uzembe wako, na lile lililoshindikana Ikulu ya Marekani mwaka 1963 liliwezekana kwa mwanao hapahapa Dar es Salaam.

Dawa uliyoisikia ni safaktanti yenyewe. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara na wenzake wa Japani walitoa taarifa ya watoto kumi waliowekewa safaktanti iliyotokana na mapafu ya ng'ombe, na hali zao zikabadilika ndani ya saa chache. Siku hizi huwekwa kwa mrija mwembamba hadi kwenye koo la hewa, mapema iwezekanavyo baada ya dalili kuonekana, na inapunguza vifo pamoja na kupasuka kwa mapafu. Sitakuficha upande wa pili. Bei yake ni kubwa, inatunzwa kwenye jokofu, na inataka mtu mwenye mkono uliozoea kuiweka na wodi inayoweza kumwangalia mtoto saa zote baadaye. Watoto wengi wa umri wa mwanao huvuka kwa sipapu pekee, kama alivyovuka yeye. Wanaoihitaji zaidi ni wale wa chini ya wiki 30, au ambao sipapu inaonekana kuwashinda.

Kuhusu asili yake, ulichosikia ni kweli kwa sehemu. Aina moja inayotumika sana, poraktanti, hutoka kwenye mapafu ya nguruwe. Nyingine, beraktanti, hutoka kwenye mapafu ya ng'ombe. Mimi si sheikh, siwezi kukutolea hukumu ya dini. Ninalojua ni kwamba kanuni ya kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa ni maarufu katika fiqhi, na nimeona familia nyingi za Kiislamu zikikubali kwa msingi huo. Ninachokuomba ni kitu kimoja: nenda na mume wako mkamuulize sheikh mnayemwamini sasa hivi, mimba ikiwa ya wiki 22 na akili zenu zimetulia. Wodini saa tisa usiku, mtoto anaguna, si mahali pa kuanza mazungumzo hayo. Mkishaamua, mwambieni daktari wa wodi na muulize ni aina gani waliyo nayo.

Suala la miezi saba na minane nalijibu kwa ufupi kwa sababu halina utata. Kila wiki inayoongezeka tumboni huongeza nafasi ya mtoto kupona, bila kuruka mwezi wowote. Wa wiki 34 ana mapafu yaliyokomaa kuliko wa wiki 31, basi. Huenda imani hiyo imedumu kwa kuwa mtoto wa miezi minane anaonekana amejaa, watu wanamchukulia kama aliyetimia, hafuatiliwi kwa karibu. Naye bado anaweza kuchoka kupumua, kunyonya kwa uvivu na kupata manjano. Mheshimu mama mkwe, lakini mwezi wa nane ukifika usiogope. Furahi.

Chakula cha kukomaza mapafu hakipo. Kula vizuri, meza vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi unavyopewa kliniki, lala ndani ya chandarua, meza dawa ya kuzuia malaria unapopewa. Vyote hivyo vinasaidia mimba ifike mbali, na kufika mbali ndiko kunakokomaza mapafu. Ukiuziwa unga au mizizi kwa ahadi ya mapafu ya mtoto, rudisha.

Sindano ni jambo jingine, na hapa naomba unisikilize kwa makini, pamoja na wifi yako. Sindano hiyo ni ya kweli na ni miongoni mwa tiba bora tulizo nazo. Ni steroidi, ama deksamethasoni au betamethasoni. Graham Liggins wa New Zealand aligundua kwa bahati, akitafiti uchungu kwa kondoo, kwamba wanakondoo waliozaliwa mapema mno baada ya kupewa steroidi walikuwa wanapumua wakati hawakutarajiwa. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakachapisha matokeo kwa akina mama. Dawa inavuka kondo la nyuma, inaziambia seli za mapafu ya mtoto ziharakishe kutengeneza safaktanti na ukuta wa vifuko uwe mwembamba. Lakini ina saa zake. Nguvu yake kamili huonekana baada ya saa 24 na hupungua baada ya siku saba hivi. Ukichomwa leo ukiwa na wiki 22, bila uchungu wala chupa kupasuka, kisha ukajifungua wiki ya 31, mtoto hatakuwa amefaidika nayo chochote. Na kurudiarudia dozi kunapunguza ukuaji wa mtoto tumboni.

Ipo sababu nyingine ya kutoipata duka la dawa. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa katika nchi sita, Kenya na Zambia zikiwemo, ambapo matumizi ya sindano hii yalisambazwa hadi ngazi za chini. Vifo vya watoto wachanga kwa ujumla havikupungua, viliongezeka kidogo, na dalili za maambukizi kwa akina mama ziliongezeka. Wengi waliochomwa hawakuwa wanakaribia kujifungua kabla ya wakati. Kisha mwaka 2020 ukaja utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Kenya ikiwemo tena, lakini safari hii hospitalini: umri wa mimba ulijulikana kwa ultrasaundi, mama alikuwa kweli karibu kujifungua kati ya wiki ya 26 na ya 33, na mtoto alikuwa na mahali pa kuhudumiwa. Vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Dawa ileile. Tofauti ni nani amepewa, lini, na wapi.

Kwa hiyo kama ningeruhusiwa kukuachia ushauri mmoja tu, ni huu: safari hii, dalili yoyote ikianza mapema, mtoto asafiri akiwa tumboni mwako. Tumbo lako ni kitanda chenye joto na oksijeni ambacho ambulensi yoyote haiwezi kukifikia. Mara ya kwanza alizaliwa kwanza ndipo akahamishwa, na njia ya Chanika hadi mjini unaijua, na foleni yake unaijua. Safari hii, maji yakivuja, hata kama ni kidogo na hakuna uchungu, au tumbo likikaza na kuachia kila baada ya dakika chache, au kiuno kikivuta kwenda chini, au damu ikionekana, usisubiri kupambazuke. Pitia kituo chako ikiwa ndiyo njia ya kupata ambulensi na rufaa, lakini lengo ni kufika hospitali yenye wodi ya watoto njiti kabla ya kujifungua. Kwa upande wako Amana iko karibu zaidi kuliko Muhimbili. Temeke na Mwananyamala nazo ni hospitali za rufaa za mkoa. Ukifika mapema kuna muda wa dozi kamili: deksamethasoni miligramu 6 kila saa 12 mara nne, au betamethasoni miligramu 12 mara mbili, saa 24 zikipita katikati. Kama chupa imepasuka utapewa pia antibayotiki, na mimba ikiwa chini ya wiki 32 kuna dawa ya magnesiamu inayolinda ubongo wa mtoto. Mambo haya hayafanyiki mtoto akishatoka.

Kabla ya hayo yote, kuna jambo la wiki hii. Uwahi ultrasaundi ya kupima urefu wa mlango wa kizazi, ile inayofanyika kwa njia ya uke. Haina madhara kwa mimba. Kipimo hicho kina maana zaidi kabla ya wiki ya 24, nawe uko 22, kwa hiyo usingoje tarehe ya kliniki ijayo. Kwa mama aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, mlango ukiwa chini ya milimita 25 daktari wa uzazi anaweza kukupa projesteroni, homoni inayosaidia kutunza mimba, ya kuweka ukeni au kukushauri kushonwa mlango wa kizazi. Hata ukiwa mrefu, muulize kama projesteroni inakufaa kwa historia yako; wataalamu hawajakubaliana kikamilifu kuhusu kundi hilo, na uamuzi ni wenu wawili. Peleka mkojo upimwe na kuoteshwa maabara kutafuta vijidudu. Kati ya wiki ya 24 na 28 pima sukari, kwa sababu kisukari cha mimba kisipodhibitiwa huchelewesha safaktanti, kiasi kwamba hata mtoto wa wiki 36 mwenye kilo 3 anaweza kuzaliwa akihangaika kupumua. Na mimba ikifika salama mwishoni, kisha mtu akakupangia upasuaji wa tarehe, muulize kwa nini usifanyike baada ya kutimiza wiki 39 kama hakuna sababu ya kitabibu.

Na akija mapema licha ya yote, uliza kuhusu kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, tangu saa ya kwanza. Baridi inazorotesha utengenezaji wa safaktanti; kifua cha mama kinampa joto. Utafiti uliochapishwa 2021, ambao Tanzania ilishiriki pamoja na Ghana, India, Malawi na Nigeria, ulionyesha kwamba watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 waliobebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, badala ya kusubiri wapate nafuu kwanza, walifariki wachache zaidi: asilimia 12.0 dhidi ya 15.7.

Sasa mwanao wa kwanza, kaka yake au dada yake, hukuniambia. Hapungukiwi na safaktanti. Seli zake zilishika kazi ile siku ya nne na hazijaacha. Wanachobaki nacho watoto wengi waliozaliwa njiti ni njia za hewa nyembamba kuliko za wenzao. Mafua yakivimbisha kuta kidogo tu, njia inabana na mluzi unasikika. Wengi huimarika kadiri wanavyokua. Si lazima iwe pumu, na katika umri huu hakuna daktari anayeweza kuapa kwamba ni pumu au siyo. Usimpe antibayotiki kila anapokohoa, maana mafua mengi ni ya virusi. Akibanwa mara kwa mara, mpeleke kliniki ya watoto na kadi yake ya kuruhusiwa wodini. Huenda akapewa salbutamoli, dawa ya kutanua njia za hewa, ya kuvuta kwa chombo chenye barakoa, ambayo hufanya kazi vizuri kuliko dawa ya maji. Hakikisha chanjo zake zimekamilika, hasa ya kuzuia nimonia.

Baba yake aache sigara, na barazani hakutoshi. Moshi unarudi ndani kwenye nguo, nywele na mikono anayombebea mtoto, na moshi wa tumbaku unadhuru njia za hewa na hiyo safaktanti yenyewe. Jiko la mkaa nalo lisiwashwe chumbani anakolala, wala dawa ya mbu ya kuchoma. Chandarua kinatosha.

Akipumua kwa kasi hadi ashindwe kunyonya au kula, mbavu zikiingia ndani, akiguna, akilegea kupita kawaida, au midomo na ulimi vikigeuka rangi ya bluu, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, mchana au usiku. Kwa mdogo wake atakayezaliwa, ongeza pumzi zinazofika 60 kwa dakika akiwa ametulia, mwili kuwa wa baridi, au kuacha kunyonya. Hesabu pumzi kwa dakika nzima ukitazama tumbo, kwa sababu watoto wachanga hupumua kwa kubadilisha mwendo na nusu dakika inaweza kukudanganya.

Jumatatu uwe kliniki. Beba kadi ya ujauzito huu na karatasi za mtoto wa kwanza, na sentensi ya kwanza kumwambia muuguzi iwe: "Nilijifungua njiti wa wiki 31 baada ya chupa kupasuka, naomba kumwona daktari wa uzazi kabla sijafika wiki 24."